Aliyemnawisha Mgeni Rasmi

Picha uliziona. Usijitetee. Ulikuwa umekaa vizuri, simu mkononi, ukabonyeza alama ya moyo, ukaandika "Mungu awabariki sana", ukaendelea na mambo yako. Mahema meupe kando ya ziwa, mazulia mekundu, kanzu zilizonyooshwa kwa pasi, mgeni rasmi anacheka, na juu yake maandishi makubwa: kiwanda chawafuturisha wafanyakazi wake. Kwenye picha mojawapo, pembeni kabisa, kuna mwanamke ameshika birika mkono mmoja na beseni mkono wa pili. Midomo yake imepauka. Magharibi imeshaadhiniwa. Kila mtu kwenye picha ile anatafuna isipokuwa yeye, na yeye ndiye mfanyakazi wa kiwanda.

Hukumwona kwa sababu hukutaka kumwona. Ndivyo ulivyofanya hata miaka ile akina mama walipokuwa wanapekuliwa mpaka kwenye nguo za ndani getini, eti wameiba mabondo, vile vibofu vya samaki vinavyouzwa ghali. Ulisikia, ukasema pole, ukanunua sangara wako ukaenda kukaanga. Basi leo kaa hapo hapo, usikilize mpaka mwisho.

Mwanamke yule anaitwa Zamda. Anaishi Pasiansi, nyumba ya kupanga, na ukuta wa chumba chake ndio ukuta wa chumba cha Dorotea. Zamda ni mjane. Analea watoto wake wawili pamoja na mama yake mzazi, Bi Mwamini. Dorotea ni Mkatoliki, mke wa Masele, mlinzi wa geti la kiwanda hicho hicho cha minofu. Wanawake hawa wawili wanakata samaki meza moja. Na aliyemtia Zamda birika mkononi, kwa nia nyeupe kabisa, ni Dorotea.

Kila mwezi wa Ramadhani Dorotea alikuwa na kazi moja pale uani: kuonja. Dini inamruhusu mpishi aliyefunga kugusisha ulimi kisha ateme, lakini Zamda hakutaka kubahatisha mfungo wake kwa sababu ya chumvi. Kwa hiyo jua likianza kulala, sauti yake ilipita juu ya ukuta: "Mama Hellen, njoo na ulimi wako." Dorotea alikuja na kijiko chake, akaonja uji wa pilipili manga, akaonja ndizi, akatoa hukumu. Chumvi kidogo. Sukari basi. Hapo usiguse tena.

Mwaka huu Kwaresima na Ramadhani viliingia wiki moja, na uani palikuwa na utani wa kutosha. Zamda alisema mfungo wa Wakatoliki una chai ndani yake, huo ni mfungo au ni mapumziko. Dorotea alijibu kwamba chai yenyewe haina sukari, na kwamba mtu aliyekunywa chai isiyo na sukari mbele ya Masele anayekoroga vijiko vitatu huyo ameshaingia peponi, hahitaji kusubiri. Bi Mwamini alicheka mpaka akashika mbavu. Aliwaambia nyote mnashinda njaa, sasa mnagombania nini.

Hayo ni ya nyumbani. Kiwandani hakukuwa na mzaha.

Kiwandani unasimama kutwa kwenye maji ya barafu, gambuti miguuni, kisu mkononi, na samaki wanakuja tu. Hakuna mkataba. Alfajiri unapanga foleni getini. Ukiitwa umeingia, usipoitwa unarudi nyumbani kuwatazama watoto. Lakini wakati wa msimamizi wa zamani, Mzee Machibya, kulikuwa na utaratibu ambao haukuandikwa mahali popote. Mwezi mtukufu ukifika, waliofunga hawakwenda mapumziko ya mchana. Walikata samaki wenzao wakila, na saa kumi na moja jioni walitoka, wakawahi jiko. Meza na makreti yaliyobaki waliosha Wakristo. Ikija Krismasi, ikija Pasaka, zamu iligeuka, na akina Zamda ndio waliobaki na brashi mpaka giza. Hakuna aliyenuna. Miaka na miaka.

Machibya aliondolewa kwa maneno ya mdomo, hata soda ya kuagwa hakupewa. Akaja Nestory. Nestory ni mwanakwaya, ana sauti nzuri, na shati lake lina nembo ya kiwanda kifuani. Wiki ya kwanza ya mfungo aliwakusanya akatangaza kwamba mwaka huu hakuna kutoka saa kumi na moja. Lori la barafu likifunga milango ndipo mtu atavua gambuti. Wanunuzi wa ng'ambo, alisema, hawajui Ramadhani wala Kwaresima, wanajua tani. Ila mwenye kiwanda ana moyo, hakuwasahau. Jioni moja kabla mwezi haujaisha atawaandalia futari kubwa, na viongozi watakuja. Wako waliopiga makofi.

Dorotea alinyoosha mkono, glavu ikichuruzika maji ya samaki. Akauliza: siku moja mtawalisha, na zile siku nyingine je?

"Dorotea," Nestory alisema, "wewe umefunga?"

"Nimefunga Kwaresima."

"Basi hili halikuhusu. Tumwache kila mtu na dini yake."

Watu wakacheka. Wengine walicheka kwa sababu iliwachekesha, wengine kwa sababu foleni ya kesho huanza leo. Dorotea alirudisha mkono chini. Jioni ile Masele alimwambia taratibu kwamba jina lake lilikuwa limetajwa ofisini, na kwamba yeye, Masele, aliulizwa kama mke wake ana matatizo.

Na hapa ndipo Dorotea alipokosea.

Siku chache baadaye alimwona Zamda akiyumba mezani. Saa tisa za mchana, kiu imemkamata, kisu kinakwenda polepole, kreti haijai. Msichana wa meza ya pili alikwishaanza kumtazama, kwa maana kila meza ina mtu anayeitamani. Dorotea alikuwa akivuta samaki wa Zamda upande wake, anakata, anarudisha, lakini mikono miwili haiwi minne. Wakati huo huo zikaja habari kwamba Nestory anatafuta mpishi wa ile futari. Hoteli zilitaja bei, mwenye kiwanda akakataa. Dorotea akajifuta mikono, akaenda mwenyewe mpaka mlango wa ofisi, akasimama nje ya mkeka kwa sababu ya gambuti zake. Akasema mpishi yupo humu humu. Zamda. Hakuna mtu Pasiansi nzima anayempata kwa uji na ndizi za nazi.

Alikuwa amepiga hesabu yake. Siku ya kupika Zamda atakuwa nje ya barafu. Viongozi watakula, watasifu. Nestory ataona aibu kumzuia mtu aliyempatia sifa. Na kweli, Nestory alitabasamu. Akasema akinipikia vizuri nitamfikiria habari ya kutoka mapema. Wapishi, alisema, watafuturu pamoja na wageni, meza yao ipo.

Dorotea alilibeba neno hilo mpaka nyumbani kama mtu aliyebeba nyama. Zamda alimsikiliza akiwa anamenya viazi, hakuinua macho.

"Mimi nitafuturu saa ngapi?" akauliza.

"Pamoja nao. Amesema."

"Amesema, au wewe umetamani aseme?"

"Amesema kwa mdomo wake, Mama Shamsa."

Bi Mwamini hakupenda. Alisema angependa binti yake achemshe mihogo mitupu nyumbani kwake kuliko kupika pilau ya watu. Dorotea akamshika mkono yule mzee akamwahidi kwamba jioni hiyo yeye mwenyewe ataleta bakuli la chakula, la moto, kabla wajukuu hawajaanza kusinzia. Wasihangaike kuwasha jiko. Bi Mwamini akasema haya, mwanangu, nimekusikia.

Zamda alipika na Dorotea, aliyechukuliwa kumsaidia, nyuma ya mahema, kwenye sakafu ya zege ambapo malori huoshwa. Walivalishwa aproni mpya za njano zenye jina la kiwanda, maana mpiga picha angepita. Dorotea alionja sufuria baada ya sufuria, uji, tambi, mchuzi, mpaka tumbo likajaa, na ilikuwa Ijumaa ya Kwaresima. Zamda akamwambia leo umefuturu kabla ya adhana, utamweleza nini padri. Walicheka. Walikuwa na haki ya kucheka. Chakula kilikuwa kimekubali, upepo wa ziwa ulikuwa unapuliza moshi upande mwingine, na meza ya wapishi ilikuwa bado kitu cha kuaminika.

Viti vikajaa. Waliofunga walikuwepo, na wasiofunga walikuwepo zaidi. Akina mama wa chumba cha kukatia, wale wenye futari yao, walikuwa bado ndani wanamalizia shehena. Waliitwa baadaye kidogo, wakapangwa wamesimama nyuma ya viti ili waonekane kwenye picha. Meza ya wapishi haikuwepo. Dorotea aliitafuta kwa macho hema zima.

Adhana ikaja kutoka msikiti wa mtaani, ng'ambo ya ukuta. Imamu wa msikiti ule, mzee aliyewekwa kiti cha nyuma, alichukua tende yake akafungua. Wengine wakamfuata. Zamda akanyoosha mkono kwenye jagi la maji. Nestory alikuwa pale pale.

"Subiri kidogo, dada. Mgeni rasmi anashuka kwenye gari. Shika birika ukamnawishe."

"Kaka, nipate funda moja tu nifungulie."

"Dakika mbili. Wapiga picha wanaanzia hapo kwenye kunawa. Sitaki mtu anatafuna nyuma ya mgeni."

Akashika. Usimuulize kwa nini. Mtu aliyepanga foleni ya kuitwa kila alfajiri kwa miaka, mikono yake hutii kabla yeye hajaamua.

Dakika mbili zikawa mstari mzima wa meza kuu. Mgeni rasmi alinyoosha vidole, kisha simu yake ikaita, akaipokea kwa mkono mkavu huku ule wenye maji ukining'inia juu ya beseni. Zamda akasubiri ameinama. Mgeni akacheka na mtu wa kwenye simu, akamuuliza habari za familia. Birika likamwelemea Zamda, maji yakamwagikia kiatu cha mgeni.

"Angalia, mama," mgeni alisema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama unavyomwambia mtu aliyekanyaga zulia, akarudi kwenye simu yake.

Dorotea aliyaona hayo akiwa amebeba sinia. Aliliweka chini. Akachukua kikombe cha maji. Tende za wapishi hazikuwepo, kwa hiyo akachukua kwenye sahani iliyokuwa mbele ya mgeni rasmi mwenyewe, akapita kwenye zulia jekundu na gambuti zake, mpaka pale.

"Fungua mdomo, Mama Shamsa."

Mikono yote ya Zamda ilikuwa kazini. Akafumba macho, midomo ikatikisika kwa dua isiyo na sauti, akafungua mdomo. Dorotea akamtia tende. Akakinga kiganja, akapokea kokwa. Akamnywesha maji, taratibu, kama anavyonyweshwa mgonjwa, na mengine yakapita kidevuni yakalowesha ile aproni ya njano. Mpiga picha akateremsha kamera. Mgeni rasmi aliangalia sahani yake, na waliokuwa kulia na kushoto kwake wakaangalia za kwao, kana kwamba kumeandikwa kitu. Yule imamu wa nyuma peke yake alisema, si kwa sauti kubwa, "Mpe na nyingine, mama."

Nestory hakuacha kutabasamu. Alimshika Dorotea kiwiko, akamsindikiza mpaka nyuma ya hema kama anamwonyesha njia. "Umeniharibia shughuli," akamwambia sikioni.

Wageni walipokuwa bado kwenye hotuba, Dorotea alipakua chakula cha Bi Mwamini kwenye bakuli, akalifunga na kitambaa. Wakakimbilia getini yeye na Zamda. Geti lilikuwa na kufuli, na nyuma ya kufuli alikuwepo Masele.

Akawaambia ameagizwa asimtoe mfanyakazi yeyote mpaka magari ya wageni yaondoke na sufuria zioshwe.

"Baba Hellen, kuna bibi mzee na watoto, jiko halijawashwa. Mimi ndiye niliyewaambia wasiwashe. Mtoe huyu peke yake. Mimi nitabaki nioshe zote."

Masele aliangalia dirisha la ofisi. Taa ilikuwa inawaka na mtu alikuwa amesimama pale. "Nikifungua," alisema, "kesho hapa atasimama mlinzi mwingine. Tutakaa wote wawili nyumbani bila kazi, na Hellen atafukuzwa shule kwa ada. Unanitaka nifanye nini?" Kisha akamgeukia Zamda, mtu aliyemuuguza alipougua taifodi. "Nisamehe, shemeji."

"Usimgombeze mumeo," Zamda akamwambia Dorotea. "Tumezoea."

Mtu wa ofisini akaja akachukua bakuli. Mabaki, alisema, yameshapangiwa magari ya wageni. Jioni ile Bi Mwamini na wajukuu zake walifuturu maji ya mtungi na vipande vya mkate alivyotoa Gladness, mpangaji wa chumba cha uani. Walikaa mlangoni wakisubiri bakuli la Dorotea.

Asubuhi foleni ilikuwa ndefu kama kawaida. Nestory alisimama karibu na geti, mikono nyuma. Zamda alipofika mbele, Nestory hakumsemesha. Alimwambia Masele: "Mweleze."

Masele akamgeukia Zamda. "Shemeji, leo rudi."

"Mpaka lini?"

"Rudi tu, shemeji."

Watu wa nyuma wakaanza kusukumana, kwa sababu nafasi moja ilikuwa imepatikana. Dorotea alikuwa wa pili. Alidhani na yeye atarudishwa, na ndani ya moyo wake alishajiandaa, tena alitamani. Nestory akamwonyesha njia kwa kiganja. "Wewe ingia, Dorotea. Mumeo ni mtu mwema, hatuna ugomvi na nyumba yako."

Hapo alinasa. Akitoka, Masele anatoka. Akiingia, anakanyaga kaburi la kazi ya rafiki yake. Alimwangalia mume wake, na mume wake alikuwa anamwomba kwa macho, mwanamume mzima, mbele ya foleni. Zamda ndiye aliyemwondolea mzigo, au ndiye aliyeuongeza. "Ingia, Mama Hellen. Sote wawili tukikaa nje nani atamkopesha mwenzie unga?"

Akaingia. Kwenye nafasi ya Zamda alikuwepo yule msichana wa meza ya pili, ameshika kisu cha Zamda, na hakujua aangalie wapi.

Zamda akaanza kufua nguo za watu huko mtaa wa Kiseke, na mfungo wake hakuuacha. Dorotea alipitisha unga, alipitisha mafuta, alipitisha kila alichoweza kupitisha bila Masele kuuliza. Alipomwendea Bi Mwamini na shikamoo yake, mzee aliitikia marahaba kama siku zote, akamkaribisha mkeka. Hakumtukana. Alisema tu: "Sikulaumu, mwanangu. Ila usimwombee tena binti yangu kazi ya kulisha watu." Dorotea alitamani atukanwe.

Na kule kiwandani waliobaki waliendelea kufuturu kwa maji ya bomba, wamegeukia ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo, kwa sababu kutafuna saa za kazi ni kosa. Lori la barafu lilichelewa makusudi au lilichelewa kwa bahati, matokeo yalikuwa yale yale. Mama mmoja alizirai. Nestory akasema ndiyo madhara ya kushinda na njaa, kiwanda hakihusiki.

Kesho yake, kwenye mapumziko ya mchana, Dorotea alizunguka na chakula chake bila kukila. Alikwenda meza hadi meza, akainama, akanong'ona. Kwa Wakristo aliuliza kitu kimoja tu: wenzenu wakitoka, mtaosha makreti yao kama zamani? Wengine walijifanya hawasikii. Wengine walitikisa kichwa kwamba ndiyo, wakamwomba asiwataje. Kwa waliofunga alisema: saa kumi na moja, mimi nitatangulia. Kama kuna wa kufukuzwa, waanze na asiye na Ramadhani, tuone watasema ni dini gani.

Saa kumi na moja aliweka kisu chini. Akavua glavu. Wakamfuata wachache, kisha wengine, gambuti zikilia kwenye sakafu yenye maji, na nyuma yao brashi zikaanza kusugua meza.

Wako getini. Jua liko juu ya ziwa bado, muda wa kufika nyumbani na kuwasha jiko upo. Nestory ametoka ofisini na simu sikioni. Anasema atakayevuka asirudi, na atakayefungua asirudi. Masele amesimama na funguo mkononi. Mke wake yuko mbele yake, mkono umeshika nondo za geti. Ameshamwambia yote. Zamda naye hayupo. Yuko Kiseke na nguo za watu.

Unataka kujua Masele alifungua au hakufungua. Acha. Usimtwishe mlinzi mmoja mzigo ambao mji mzima umeukwepa. Angalia lile geti vizuri. Upande wa ndani wamejaa wanawake, waliofunga na wasiofunga, na midomo yao imekauka. Upande wa nje hakuna mtu. Barabara nyeupe, hakuna mtu hata mmoja, na Nestory anaiona barabara hiyo vizuri kuliko wewe. Ndiyo inayompa jeuri.

Basi weka hiyo simu chini. Toka. Gonga mlango wa jirani yako aliyefunga, usimpe pole, muulize anatoka kazini saa ngapi na nani anamzuia. Ukishajua, mchukue padri wako, mchukue imamu wake, chukueni maji, mkasimame nje ya hilo geti mpaka lifunguliwe. Leo hii, kabla jua halijazama.